Vileja vya Elieshi

Mchafukoge, Dar es Salaam
24 Januari 2026

Dada Anfal,

Assalaam alaykum, na shikamoo, ingawa ulisema niache kukuamkia kwa sababu nakuzeesha. Huku hatujambo. Baba mgongo unamsumbua tangu aliposaidia kushusha shokapu za malori dukani Gerezani, lakini anasema si mgongo, ni godoro. Mama mzima. Shahd ameanza darasa la kwanza na anadai mwalimu wake hajui kusoma. Ushahidi wake ni kwamba kila siku anawauliza wao herufi ile ni gani.

Baba anauliza kama koti jeupe la maabara linakutosha na kama mmeshapasua chura. Kila mteja anayekuja kununua mkanda wa feni anaulizwa kama ana mtoto anayesoma PCB kama wewe, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Akisema hana, ndipo Baba anapoanza kumweleza habari zako.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Yupo msichana ninayekaa naye dawati moja tangu mwaka jana, anaitwa Elieshi. Wao ni watu wa Machame, wana duka la jumla la ndoo na mabeseni Kariakoo. Ndiye mtu wa kwanza shuleni ambaye nikikaa kimya haniulizi nimenuna nini. Hapendi kusoma vitabu, ila anapenda nimsimulie ninavyovisoma mimi, na huwa anakasirikia watu wa kwenye kitabu kana kwamba wanakaa mtaani kwao.

Tarehe 27 Februari anatimiza miaka kumi na sita. Unajua mambo ya shule yetu: mtu akijulikana siku yake anasubiriwa nje ya geti, anamwagiwa maji, halafu unga, halafu mayai. Elieshi hataki kabisa. Ana sababu yake ya kuogopa maji. Ameniambia na nimeahidi kutoisema, kwa hiyo hata wewe sikuandikii. Tarehe yenyewe naijua mimi tu.

Nataka kumpikia vileja. Nimefikiri sana, na hiyo ndiyo zawadi anayoweza kuila ikaisha bila mtu kujua kwamba alipewa. Nimemuuliza Mama vipimo vya Bibi, akasema, "Unatia samli mpaka inatosha." Nikamuuliza nitajuaje kama imetosha. Akasema, "Itakuwa haijazidi." Nikaona nikuandikie wewe, maana ndiye uliyekuwa ukikaa jikoni na Bibi kila Idi, mimi nikiwa nimejificha na kitabu chooni.

Niandikie upesi tafadhali.

Mdogo wako,
Hamdiya


Iringa
5 Februari 2026

Bi Maktaba,

Waalaykum salaam. Marahaba, na umenizeesha. Nashukuru kusikia hamjambo. Mimi mzima. Huku baridi inaingia mpaka kwenye kalamu, unaandika mstari mmoja unaipulizia. Chakula ni kizuri. Mwambie Baba koti linanitosha sana, nalivaa kila siku.

Kwa hiyo una rafiki. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili nikidhani ni habari ya kwenye kitabu.

Haya, shika kalamu. Unga wa mchele nusu kilo, na uupepete mwenyewe, usiuamini wa dukani. Samli vikombe vitatu, sukari vikombe vitatu, mayai mawili, beking pauda kijiko cha chai. Hiliki uitwange kwenye kinu, usinunue ya pakti, ile ni vumbi la ghala. Piga samli na sukari kwa mkono mpaka iwe nyeupe kama krimu ya kupaka. Mkono ukichoka bado. Mkono ukifa ganzi, tia mayai. Kisha unga, kidogo kidogo. Finyanga viduara, bonyeza katikati kwa kidole, oka kwa moto mdogo. Usifungue oveni kila dakika kuchungulia. Kileja nacho kina haya yake.

Kabla ya kuwasha oveni toa masufuria ya Mama. Nakujua.

Huyo Elieshi mwambie akila akumbuke kwamba dada yako ndiye aliyefundisha.

Dada yako,
Anfal


Mchafukoge
14 Februari 2026

Dada Anfal,

Assalaam alaykum na shikamoo. Sisi wazima. Mgongo wa Baba umepona, au ameacha kuutaja. Barua yako aliitoa yeye kwenye sanduku la posta. Unajua anavyofanya. Haifungui kwa sababu ina jina langu, lakini anakaa kwenye kochi, anavua viatu, anasema, "Haya, tusomee." Nikamsomea yote. Tulipofika kwenye koti alicheka, akamwita Mama ili naye asomewe. Halafu akauliza, "Mbona chura hajamtaja?" Nikamwambia labda umesahau. Akasema, "Chura hasahauliki."

Elieshi naye nimemsimulia barua yako, ila nimeruka vileja. Alicheka sana hapo kwenye kalamu. Anasema wewe ungefaa kuuza dukani kwao, maana wateja wao wanapenda kutukanwa vizuri.

Vileja vimeharibika. Nilifuata ulivyoandika neno kwa neno. Niliona mapema kwamba samli ni nyingi, lakini imeandikwa, kwa hiyo nikatia. Havikufinyangika. Nikamimina. Nilivyofungua oveni nikakuta kileja kimoja chenye ukubwa wa bati zima, katikati kinachemka na pembeni ni cheusi. Shahd alikila kwa kijiko, akasema ni uji mzuri. Sukari iliungua ikaganda, Mama akawa anaikwangua kwa kisu, na bati la oveni likatoboka. Amelitazama muda mrefu. Lilikuwa la kwake tangu aolewe.

Hakunikasirikia. Aliniuliza tu nilipimia nini. Nikamwonyesha kikombe changu cha chai, kile cha bluu. Akakaa chini akacheka mpaka akatokwa na machozi, lakini hakunieleza. Amesema nifikirie mwenyewe, si ndiye msomi.

Nimefikiria nimeshindwa. Je, ni vikombe vitatu kweli, au ulimaanisha vijiko? Ramadhani inaanza siku chache zijazo, na Kwaresma ya kina Elieshi pia. Mwaka huu zimekuja karibu pamoja. Nitapika Alhamisi tarehe 26 jioni. Bati nitaazima kwa Shangazi.

Mdogo wako,
Hamdiya


Iringa
23 Februari 2026

Bi Maktaba,

Ramadhani karim. Nimecheka mpaka wenzangu bwenini wakataka niwasomee. Niliwasomea, wakaomba nirudie hapo kwenye uji.

Hamdiya, mdogo wangu. Kikombe. Nyumbani kwa Bibi kikombe kilikuwa kimoja tu, kile cha kahawa kisicho na mkono, unakishika kwa ncha za vidole. Vingine vyote Bibi aliviita magi. Ulichotumia wewe ni magi. Umetia samli ya harusi nzima. Kosa ni langu pia. Niliandika kama vile unaniona mikono.

Vikombe vitatu vya kahawa, basi. Ukipata barua hii kabla ya Alhamisi utakuwa na bahati. Usipoipata, Mama ataona huruma.

Mimi mzima. Daku tunaletewa bwenini, chakula ni kizuri. Idi sina hakika kama nitakuja, kuna masomo ya ziada. Mwambie Baba asikate tiketi kwanza.

Nakuona Ijumaa hiyo na vileja vyako mkononi, huwezi kumwambia hata "hongera" kwa haya. Mpe tu. Atalia kwa furaha, wewe utakimbia.

Anfal


Mchafukoge
1 Machi 2026

Dada Anfal,

Assalaam alaykum. Ramadhani inakwenda vizuri, Baba anafuturu nyumbani kila siku, Shahd anafunga mpaka saa nne asubuhi. Sijapata barua kutoka kwako tangu ile ya vipimo.

Mama alinionyesha kikombe mwenyewe. Alikitoa kabatini Alhamisi mchana, akakiweka juu ya meza. Nikaelewa.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Alhamisi asubuhi shuleni nilimwomba Samir aniletee trei ya kuokea ya mama yake. Samir akasema, "Idi bado, trei ya nini?" Nikamwambia, "Kesho Elieshi anatimiza kumi na sita." Nilisema hivyo tu. Ni mtoto wa Shangazi, nimezoea kumjibu anachoniuliza. Sikuhisi kitu wakati nasema. Trei aliileta.

Vileja vilikubali. Sikuonja, kwa sababu nilikuwa nimefunga. Mama alisema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema si kosa, lakini niliogopa. Nilivipanga kwenye kopo la biskuti, lile la duara, na karatasi katikati ya tabaka.

Ijumaa nilipanga nimpe kopo tukifika Gerezani, pale tunapoachana yeye apande mwendokasi. Tulipotoka getini wenzetu kadhaa wa darasani walikuwa wamesimama kando ya wale wanaoosha magari. Bryson alikuwa na ndoo. Akasema, "Elieshi, mtoto wa ndoo, leo ndoo zimekufuata."

Elieshi akasema, "Siku yangu si leo."

"Hamdiya kasema ni leo," akasema Bryson. "Na Hamdiya haongei. Akiongea ni kweli."

Wakacheka. Elieshi alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesoma ubao akiwa mbali. Halafu akafunika sikio lake la kushoto kwa kiganja. Watu wengine wakimwagiwa hufunika uso, na ndiyo maana walicheka zaidi.

Nilisema waache. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, ile ambayo mwalimu huniambia nirudie.

Sasa naweza kukuandikia sababu, maana alilifunika sikio mbele ya shule nzima na siri haipo tena. Ngoma ya sikio lake la kushoto ina tundu tangu akiwa mdogo. Maji hayatakiwi kuingia. Akioga anaziba kwa pamba yenye mafuta. Upande huo hasikii, na ndiyo maana mimi hukaa kulia kwake. Mtu mwingine darasani hakujua. Wanadhani anaringa asipoitika. Bryson alimmwagia ndoo nzima kutoka upande huo, halafu wakaja wa unga na wa mayai. Samir alisimama nyuma. Baadaye alisema, "Mimi nilimwambia Bryson tu." Na mimi nilimwambia Samir tu.

Elieshi alijipangusa uso, akaokota begi lake na kuvuka barabara peke yake. Nilimfuata mpaka kwenye taa. Hakugeuka, na upande niliokuwa ni wa kushoto, kwa hiyo sijui kama alisikia nilivyomwita.

Vileja nilirudi navyo. Baba alivila wakati wa futari, akasema vinafanana na vya mama yake. Nilimwambia vimekufundishia wewe. Samahani, nimekosea kuandika: nilimwambia umenifundisha wewe.

Hamdiya


Mchafukoge
15 Machi 2026

Dada Anfal,

Assalaam alaykum. Barua yako ya tarehe 23 imefika baada ya ile yangu kuondoka. Nilimsomea Baba. Pale ulipoandika kwamba Elieshi atalia kwa furaha nilisoma haraka, na Baba hakuuliza. Aliuliza habari ya Idi. Tiketi alikuwa ameshakata, ameirudisha. Amesema masomo ya ziada ni dalili nzuri, na ameanza kuwaambia wateja kuhusu masomo ya ziada.

Hujanijibu. Labda barua yangu imechelewa. Naandika tena kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza.

Elieshi hakuja shule wiki ile. Mwalimu wa darasa alitutangazia kwamba sikio lake limetunga usaha na yuko kwenye sindano, na akatuuliza ni akina nani waliommwagia maji. Bryson alikuwa akitazama viatu vyake. Kuanzia siku hiyo wasichana wakiwa wanaongea nami nikakaribia, wananyamaza, halafu mmoja anasema, "Endeleeni tu, ataenda kuyatangaza vizuri." Wanacheka kidogo. Siyo ubaya sana. Ila nimegundua kwamba nilikuwa nimezoea kuambiwa mambo bila kuomba, kwa sababu nilikuwa kimya.

Nilipika tena. Mama alinisaidia kupiga samli, hakuuliza ni vya nani. Nikaenda Kariakoo, dukani kwao. Mama yake, Mama Hillary, alikuwa anapanga mabeseni, moja ndani ya jingine, na anaongea na mteja wa Ifakara kwenye simu. Akaniambia bila kunitazama, "Binti, hapa tunauza dazeni."

Nikamwamkia. Nikasema mimi nasoma na Elieshi. Akakata simu.

"Wewe ndiye Hamdiya."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni mkubwa," akasema. "Jinsi alivyolia, nilidhani ni mtu mkubwa."

Nikamwambia nimemletea vileja, na kwamba nimekuja kumwangalia. Akasema amelala, yuko ghorofani. Haikuwa kweli, kwa sababu nilisikia kikohozi chake kwenye ngazi, nami nakijua. Mama Hillary alipokea kopo, akaliweka juu ya ndoo, akasema, "Mwanangu hajawahi kumwambia mtu habari ya sikio. Miaka yote. Akakwambia wewe." Nilitaka kumweleza kwamba sikio sikulisema, nilisema tarehe tu. Nikaona kwamba hayo ni maneno ya mtu wa mahakamani. Nikaaga.

Baada ya siku chache kaka yake, Hillary, alikuja kwetu akaacha kopo mlangoni. Lilikuwa limeoshwa, halina kitu. Mama alilifungua, akatazama ndani, akasema, "Basi, mwanangu. Chombo kikirudi kitupu umejibiwa." Unakumbuka Bibi alivyokuwa: jirani akikuletea sahani, hata kama huna kitu unatia ndimu mbili ndipo unairudisha. Nimeliweka juu ya kabati.

Sasa Elieshi amerudi shule. Amehamia mbele, kwa Caroline. Caroline anakaa kushoto kwake. Anamwongelesha kutwa nzima na Elieshi anaitikia kwa kichwa, wala hasikii. Hajamwambia, na mimi siwezi kumwambia Caroline ahame.

Nimefikiri kwamba labda kuna watu wasiofaa kuambiwa jambo, siyo kwa ubaya, ila kama chombo kilichopasuka, na mimi ni mmoja wao. Ningependa kujua wewe unaonaje. Usinifariji.

Idi njema, kama barua itakuwahi.

Hamdiya


Iringa
25 Machi 2026

Hamdiya,

Hii usimsomee Baba.

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya kwanza ilifika mapema. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika yaleyale, mimi mzima, chakula ni kizuri. Chakula si kizuri. Maharage yana wadudu, tunayala gizani kwa makusudi.

Umesema nisikufariji, na sina la kukufariji nalo. Ulisema jambo usilotakiwa kusema. Mimi nami niliandika "kikombe" bila kufikiri nani anasoma, bati likatoboka, ukaenda kuazima trei. Tungeweza kugawana hilo kosa, lakini Elieshi halimsaidii.

Sasa nisikilize. Sisomi PCB. Tangu Septemba nasoma HKL, Historia, Kiswahili na Kiingereza. Sikufukuzwa. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa taaluma nikaomba. Nilikuwa nakaa kwenye Kemia kama mgeni kwenye matanga ya watu nisiowajua, wenzangu wanalia mimi sijui ni nani aliyekufa. Historia naipenda. Nimekuwa wa pili darasani na sikuweza kumwandikia mtu yeyote hilo.

Koti jeupe nalala nalo kwa sababu ya baridi. Hakuna chura. Hakuna masomo ya ziada. Idi sikuja kwa sababu Baba angeniuliza uso kwa uso, na mimi uso wangu unaujua.

Nitamwambia mwenyewe likizo ya Juni, mezani, kwa mdomo wangu. Si kwa barua, wala kupitia kwa Mama, wala kupitia kwako. Mpaka siku hiyo anayejua ni mmoja tu.

Sijui kama unafaa kuambiwa jambo au hufai. Uliniuliza naonaje. Nimekuambia.

Anfal


Mchafukoge
12 Aprili 2026

Dada Anfal,

Assalaam alaykum na shikamoo. Sisi wazima. Shahd ameng'oka jino na amelificha ili Mama asilitupe juu ya paa. Mvua zimeanza, maji yanasimama mbele ya duka, Baba anapanga vipuri kwenye rafu za juu.

Barua yako aliileta yeye. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akasema, "Haya, tusomee." Niliifungua mbele yake. Nikaona mstari wa juu.

Dada, sijawahi kutunga kitu mbele ya mtu. Nilishika karatasi karibu na uso, nikasoma. Nilisema unatusalimu wote, baridi imezidi, koti linakusaidia sana. Hilo la koti lilikuwamo. Nilisema umeulizia mgongo wake. Alinyoosha mgongo aliposikia hivyo. Nikasema una hamu ya kutuona mwezi wa sita na kwamba una mengi ya kuongea naye mezani. Sauti haikutetemeka, labda kwa sababu nilikuwa nasoma, na kusoma nimezoea.

Baba akauliza, "Na chura?"

Nikamjibu kwamba kwenye barua hii hakuna chura. Hilo ni kweli. Alivaa ndala, akaenda kunawa. Alipofika mlangoni akasema, "Mengi ya kuongea. Vizuri," akatabasamu. Sikujisikia vizuri, lakini nilinyamaza, na bado nimenyamaza. Mama aliniuliza jikoni mbona nimekuwa mweupe. Nikasema ni njaa.

Shule zimefunguliwa baada ya Pasaka. Juzi mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, Elieshi alikuja kwenye dawati langu. Alisema anahitaji madaftari yangu ya wiki ile aliyokosa, kwa sababu Caroline anaandika kama kuku. Nilimpa. Akakaa hapohapo akaanza kunakili Jiografia. Mimi nikajifanya nasoma.

Akasema, bila kuacha kuandika, "Hiliki ilizidi."

Nikamwambia sikuonja, nilikuwa nimefunga.

"Nilivimaliza peke yangu. Hillary alipata viwili."

Nikamuuliza kwa nini basi kopo lilirudi tupu. Aliacha kuandika. "Sasa lirudi na nini? Ni kopo lako. Nililiosha mwenyewe kwa sabuni, Mama alitaka liende na mzigo wa stoo." Nikamweleza habari ya chombo kitupu na ndimu mbili. Alinitazama kama nimemwambia kwamba huku kwetu watu hutembea kwa mikono. Akasema, "Kwa hiyo mwezi mzima unadhani nimekutukana kwa kopo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nikitukana huwa natumia mdomo," akaendelea na Jiografia. Hakucheka. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Halafu akaiona bahasha yako. Naitumia kama kialamisho, barua yenyewe nimeiweka pengine. Akasema, "Dada yako kaandika? Kasema nini?"

Unajua kwamba barua zako zote huwa namsimulia. Nilimwambia umesema chakula ni kizuri.

"Kila barua chakula kizuri. Safari hii unanidanganya, macho yako yanakimbia."

Nikamwambia ndiyo, namdanganya. Nikamwambia kuna jambo, ila si langu, kwa hiyo siwezi kumsimulia.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Alifunga daftari. Akakaa anazungusha kalamu juu ya dawati. Niliwaza kwamba nimeharibu tena, na kwamba safari hii nimeharibu kwa kunyamaza. Nilikuwa tayari. Akainuka akaenda mbele, kwenye dawati la Caroline. Akatoa vitabu vyake kwenye droo, akachukua begi, akarudi navyo vyote mikononi.

"Sogea," akasema.

Nikasogea, nikamwachia upande wa ukutani.

"Siyo huko," akasema Elieshi. "Huko sitakusikia."

Nikazunguka dawati, nikakaa kulia kwake.

Mdogo wako,
Hamdiya